Peke Yake, na Mafundi wa Bombay

Robin Knox-Johnston aliizunguka dunia peke yake kwa mashua ya tanga, siku 312 bila kupitia bandari yoyote, akarudi Falmouth, Uingereza, tarehe 22 Aprili 1969. Kitabu chake, A World of My Own, nimekisomea Nakwa, ambako maji yetu ni Ziwa Babati tu.

Nilichokipenda ni ubovu wa vifaa. Redio inaacha kutuma sauti. Mtambo wa kujishikia usukani unavunjika karibu na Australia. Kabla ya hapo mashua inavuja, naye anaingia baharini kuikalafati. Anatokea papa, anapanda juu, anampiga risasi, anarudi kazini. Hapo anaandika kama fundi, hana majivuno, nami namwamini.

Neno “peke yangu” ndilo linalonikwama. Alipofika New Zealand, mwandishi wa habari alimfuata kumweleza kwamba sheria zinakataza msaada wowote, hata kupokea barua. Barua! Na msaada mkubwa kuliko wote alikuwa ameukalia: Suhaili, mashua ya mtiki iliyoundwa na mafundi wa Bombay. Mawimbi ya kusini yalipoigonga na mbao zikashika, nani alikuwa kazini?

Hapa ziwani mvuvi naye hutoka peke yake. Muulize mtumbwi kauchonga nani; atakuonyesha nyumba.

Ningetoa sura mbili za dhoruba nipate moja ya karakana ile.