Miji Mikuu Mitatu kwa Bonasi ya Chai

Watu wakiniuliza tuliwezaje kuwapeleka watoto watatu Amsterdam, Brussels na Paris, sisi wakulima wa majani chai wa Othaya, hutarajia nianze na ndege. Mimi huanza na Oktoba, mwezi wa bonasi. Safari yote tuliipanga kwa kalenda ya chai, na kilichotupa viza ni namna tulivyoieleza kalenda hiyo kwa mtu ambaye hajawahi kuona kituo cha kununulia majani.

Mkulima wa KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo Kenya, hulipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa kila kilo aliyopeleka. Salio kubwa, ambalo sote tunaliita bonasi, huja baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwishoni mwa Juni. Sasa jiweke mahali pa ofisa wa viza. Anaona akaunti iliyokuwa na vijisenti tu, mara fedha nyingi zikaingia kwa siku moja, na baada ya miezi michache mwenye akaunti anaomba kwenda Ulaya na familia nzima. Fedha za kuazima huonekana hivyo hivyo. Mkulima mwenye jasho lake halali anaweza kunyimwa viza kwa sababu tu kipato chake hakina sura ya mshahara.

Kwa hiyo hatukupeleka stetimenti ya benki ya miezi mitatu peke yake. Tulitoa ya miezi 24, ili bonasi mbili zionekane, kila moja katika msimu wake. Juu yake tukaweka taarifa za malipo ya majani zenye namba ya mkulima, tukapiga mstari kwa kalamu pale ambapo kiasi cha kwenye taarifa kililingana na kile cha benki. Barua ya ukurasa mmoja ikaeleza kwa lugha nyepesi bonasi ni nini. Tukaongeza malipo ya maziwa kutoka kwa chama cha ushirika, nakala ya hatimiliki ya shamba, na barua za shule zenye tarehe ya kufungua muhula. Ofisa anatafuta majibu ya maswali mawili: fedha hizi zimetoka wapi, na ni nini kitakachowarudisha nyumbani? Hata kwamba Cucu, nyanya ya watoto, anabaki na ng'ombe wanne tuliandika.

Ada ya viza ya Schengen, inayokuruhusu kuingia nchi zote tatu, ni euro 90 kwa mtu mzima, na hapo mtoto wa miaka 12 kwenda juu anahesabiwa mtu mzima. Wa miaka 6 hadi 11 hulipiwa euro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Wetu wana miaka 16, 11 na 5, kwa hiyo jumla ikawa euro 315, bila ada ya kituo cha kupokea maombi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu kwa kila msafiri. Pasipoti tulikuwa tumezishughulikia Novemba, Embu. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na uamuzi, ambao kwa kawaida huchukua siku 15, unaweza kuvutwa hadi siku 45. Tuliomba mwanzoni mwa Februari ili hata siku 45 zisituvurugie Aprili. Hoteli tulizihifadhi kwa masharti ya kurudishiwa fedha, na tiketi za ndege hatukuzilipia hadi viza zilipotoka.

Kwa nini Aprili? Shule zimefungwa. Agosti pia zimefungwa, lakini ndio mwezi Wazungu wenyewe wanapozurura na bei za vyumba kupaa. Desemba jua la Amsterdam huzama karibu saa kumi na nusu jioni, na mtoto wa miaka mitano hawezi kutembezwa gizani. Baridi ya Aprili kule inazidi ya Julai hapa Nyeri, tena kuna upepo. Sweta za nyumbani zilitosha, tukanunua makoti ya mvua tu. Gharama yake ni kwamba Aprili ni masika na majani yanachipua kwa kasi, kwa hiyo tuliwalipa wachumaji wawili wa ziada.

Sehemu iliyohitaji kichwa zaidi ilikuwa idadi ya miji. Wakala mmoja alituandikia ratiba ya miji mikuu saba kwa siku kumi. Tulikaa mezani tukahesabu saa. Kila unapohama mji unapoteza nusu siku: kufunga mizigo, kwenda stesheni, kusafiri, kutafuta hoteli, kungoja chumba. Mihamo sita ni siku tatu za kubeba masanduku. Tukabakiza miji mitatu iliyo kwenye reli moja: Amsterdam hadi Brussels ni kama saa mbili kwa treni ya kasi, na Brussels hadi Paris ni saa moja na dakika ishirini hivi. Tuliingia kwa ndege Amsterdam na kuondokea Paris, tusipoteze siku kurudi tulikoanzia.

Berlin niliikata kwa uchungu. Ni kule, mtaa wa Wilhelmstraße, ambako kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 mataifa ya Ulaya yalikubaliana masharti ya kujitwalia Afrika, nami nilitaka watoto wasimame pale. Lakini treni kutoka Amsterdam ni saa sita hivi kwenda tu.

Siku za kulala tulizigawa hivi: tano Amsterdam, mbili Brussels, tatu Paris. Mgawanyo huo ulikuwa na maana kisheria: viza huombwa kwa nchi utakayolala zaidi, na siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Sisi tulitaka jibu liwe moja, Uholanzi.

Shemeji yangu hufunga waridi katika shamba moja la maua Timau, kwa hiyo asubuhi ya pili tulikwenda mnada wa maua wa Aalsmeer, karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol. Lazima ufike asubuhi, maana kufikia adhuhuri biashara imekwisha. Bei kule huanza juu ikishuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye amenunua. Mke wangu aliyatazama yale matoroli ya maua yakipita chini yetu, akampigia dada yake simu palepale. Huko Amsterdam, Nyumba ya Anne Frank, yule msichana aliyeandika shajara akiwa mafichoni, nayo inahitaji mpango: tiketi huuzwa mtandaoni pekee, kila Jumanne, za wiki sita mbele.

Brussels wengi huipita haraka. Sisi tulipanda tramu namba 44 hadi mwisho wake, Tervuren, kwenye jumba la makumbusho ya Afrika lililotokana na maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili ya mwaka 1897. Mwaka ule Wakongo 267 waliletwa wakaonyeshwa kwa watazamaji katika vijiji vya kuigiza. Saba walifia hapo, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji huo. Binti yetu mkubwa alisoma majina yao moja moja, kwa sauti. Katika siku zote kumi hakuna saa iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Paris ndipo tulipokosea. Louvre haiwatozi walio chini ya miaka 18, tukadhani kwa kuwa ni bure basi tukae kutwa. Saa saba mchana mdogo alikuwa amelala begani na wa kati analia. Kesho yake tulifanya jambo moja tu, kupanda mnara wa Eiffel kwa ngazi, vidato 674 hadi ghorofa ya pili, bei nafuu kuliko lifti. Watoto waliozoea miteremko ya Othaya hawakutoa jasho.

Ukiwa na namba ya mkulima na ungependa kusafiri na wanao Aprili, anza na taarifa zako za majani: zikusanye kuanzia bonasi ya mwaka juzi, na usitupe hata moja.