Fundi Hangoji Ukuta Uishe

Kitengela ni mji usiomaliza kujengwa. Ploti ya hamsini kwa mia ikishauzwa, haichukui muda lori likamwaga mchanga, na saruji haitoki mbali kwa kuwa viwanda viko hapo jirani, Athi River. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa kazi ya mwashi, maana nyundo anaisikia kabla ya jogoo.

Udongo wetu mweusi una vituko: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi kikija unapasuka nyufa za kumeza mguu. Kwa hiyo fundi huchimba mpaka akutane na mwamba. Ndipo anapanga mawe ya tisa kwa tisa, anavuta uzi, anashusha timazi. Na hapa ndipo utamjua anayeijua kazi. Hashushi timazi siku ya kupaka rangi. Anaishusha kila safu, kwa sababu jiwe lililojitokeza kidogo leo hurudishwa kwa kugongwa na mpini wakati saruji bado ni mbichi. Likiachwa, safu za juu zitalifuata, na kesho kutwa litaitisha kubomolewa.

Ufundi ninaotaka kuusifu unafanana na huo: ni ule wa kukaa vizuri na Yesu katika siku za kazi. Nauita ufundi kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tumeuchukulia kama hisia inayokuja na kuondoka pamoja na kwaya. Makanisa hayajatupungukia. Yapo ya mawe na ya mabati, na Jumapili vipaza sauti hushindana mpaka mahubiri ya upande huu yanaingia katikati ya pambio la upande ule. Sina ugomvi nayo (jirani mwenye mtoto mchanga huenda anao). Lakini Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, mtu anapotoka kwenda kupiga foleni ya kiwandani au kuwahi matatu ya njia ya Namanga, spika zote zimezimwa. Kilichobaki ni yeye na huyo aliyemwimbia jana.

Benedikto wa Nursia, aliyeandika kanuni za watawa huko Italia katika karne ya 6, aliorodhesha matendo mema katika sura ya nne akayaita vyombo vya kazi; monasteri akaiita karakana. Sisi hatuna haja ya kwenda Italia, maana tuna mafundi wetu. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na moto uliowaka kwao na kwa wenzao ukawa Uamsho wa Afrika Mashariki. Kufikia 1937 ulikuwa umefika Kabete. Waliookoka wakaitana Ndugu, wakasalimiana kwa “Tukutendereza Yesu” (Tunakusifu Yesu), hata wale wasiojua neno jingine la Kiganda.

Ufundi wao waliuita kutembea nuruni. Walikaa vikundi vidogo, na anayetubu hakuruhusiwa kujificha nyuma ya maneno mapana kama “mimi ni mwenye dhambi.” Alitaja jambo lenyewe: nilipunja kwenye mizani, nimemchukia shemeji yangu tangu mavuno. Kisha aliinuka akaenda kurudisha alichoiba. Wako wamisionari waliotubu mbele ya Waafrika kwamba waliwadharau, na katika enzi za ukoloni hilo halikuwa jambo dogo. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, wengi wa Ndugu katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengine walikataa pia bunduki ya serikali. Wapo waliouawa. Sidhani mtu hupata nguvu za kukataa namna hiyo usiku ule anapobishiwa hodi. Walikuwa wamezizoea katika mambo ya mizani na shemeji.

Nisiwapake asali. Baadaye wako waliogombana juu ya nguo, nywele na madeni hadi wakagawanyika. Chombo cha kujipimia walikigeuza cha kumpimia mwenzao, na hapo ufundi ukafa ingawa msamiati wake ulibaki.

Siku hizi mizani imehamia kwenye simu. Pesa ya mtu usiyemjua inaingia kwenye M-Pesa yako kimakosa, tena siku kodi ya nyumba imekukaba. Kuna Mkristo atakayesema Bwana amejibu maombi. Kuna mwingine ambaye kabla simu haijaita ameshajua kwamba kati yake na Yesu kuna kitu kimeingia, kama baridi, na haivumilii. Huyo wa pili ndiye fundi. Uaminifu peke yake hata asiyesali anaweza kuwa nao, na wengi wanao kutuzidi. Tofauti ni kwamba huyu anaongea na mtu. Anamwambia: Bwana, nimeitamani. Halafu anairudisha, na kazini anafika akiwa na nafasi moyoni ya kuendelea na mazungumzo.

Ndivyo ilivyo pia kwenye foleni ya maji, unapousogeza mtungi wako mbele ya wa bibi aliyegeuka kidogo. Ndivyo ilivyo unapozunguka kwa njia ya nyuma usionwe na mama mboga anayekudai pesa za sukuma wiki ya wiki jana. Mambo haya yanaonekana hafifu mno kumpelekea Mwokozi wa ulimwengu. Lakini injili ya Marko inamtaja kama seremala, na sehemu kubwa ya miaka yake hapa duniani ilipita Nazareti katika shughuli ambazo hakuna aliyeona haja ya kuziandika. Hesabu za wateja na mbao zilizopinda alizijua kabla ya kujua umati. Anayemthamini hamwekei akiba ya makosa mpaka mkesha wa mwisho wa mwezi. Anamwambia palepale, jambo likiwa bado bichi.

Basi, ndugu yangu, kama kuna kibanda unachokikwepa hapo mtaani, pita mbele yake jioni hii. Kama hela bado huna, msalimie mwenyewe, umwambie deni unalikumbuka na siku utakayolipa.