Ufundi wa Kunyamaza

Redioni, kimya kinaogopwa. Kikizidi sekunde chache, msikilizaji hudhani mitambo imeharibika, akaanza kutafuta stesheni nyingine. Ndiyo maana namvulia kofia Jack Benny, mchekeshaji wa Marekani aliyeanza kipindi chake mwaka 1932, kwa kuthubutu kuchekesha bila kutamka neno.

Kichekesho chake kinachotajwa zaidi kilirushwa Machi 1948. Benny anatembea usiku, jambazi anamsimamisha: atoe pesa au atoe roho. Benny kimya. Watu studioni wanaanza kucheka. Benny bado kimya. Jambazi anamkaripia, naye anajibu kwa ukali kwamba bado anafikiri.

Kicheko hicho kilipikwa kwa miaka. Wasikilizaji walikwisha kuzoea kwamba Benny wa redioni ni bahili wa kupindukia: pesa zake kazifungia chini ya nyumba, analo gari kuukuu aina ya Maxwell lililokohoa na kupiga chafya kwa mdomo wa mwigizaji wa sauti Mel Blanc. Basi aliponyamaza mbele ya bastola, kila mtu nyumbani alijua anapiga hesabu gani.

Jim na Marian Jordan, mume na mke waliochekesha katika kipindi cha Fibber McGee and Molly, waliuelewa ufundi huohuo. Fibber alipofungua kabati lake, makorokoro yaliporomoka kwa kishindo kirefu, yakatulia, kisha kikengele kimoja kikalia. Ndani ya kabati mlikuwa na nini? Kila familia ilijaza takataka zake yenyewe.

Si vipindi vyote vya enzi ile vilivyomtendea mtu haki. Katika Amos 'n' Andy, Wazungu wawili waliigiza sauti za watu weusi ili wachekwe. Hata Rochester, mtumishi wa Benny aliyeigizwa na Eddie Anderson, Mmarekani mweusi, hapo mwanzo alibebeshwa mizaha ya aina hiyo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, Rochester ndiye aliyemchamba tajiri wake, na tajiri akabaki mdomo wazi. Benny alikubali kipindi chenye jina lake kiwape wenzake maneno matamu, yeye abaki na aibu.

Tukumbuke pia kwamba vipindi hivyo vilirushwa moja kwa moja, na muda wake ulilipiwa na wenye bidhaa. Mwaka 1948 aliyemlipia Benny alikuwa mtengenezaji wa sigara za Lucky Strike. Sekunde za kimya ziligharimu sawa na sekunde za maneno. Benny alikuwa na waandishi hodari, na mizaha haikuwahi kumwishia. Alinyamaza kwa kuwa aliamini sebuleni kuna mtu mwenye akili, anayeweza kuumalizia mzaha mwenyewe. Mchekeshaji asiye na imani hiyo huishia kutueleza kichekesho chake, na hapo hakichekeshi tena.