Hongera, Fundi wa Hogswatch

Sikukuu za kubuni huchuja upesi. Hogswatch ya Terry Pratchett, iliyopewa riwaya nzima ya Hogfather mwaka 1996, bado inang'aa. Ni usiku wa kipupwe kikali huko Discworld, ulimwengu bapa uliobebwa na tembo wanne juu ya kobe. Mleta zawadi wake, Hogfather, huvutwa na nguruwe pori wanne, na watoto humwachia pai ya kitimoto (wavutaji sijui wanalionaje hilo). Katika riwaya hiyo katoweka, na Kifo, ambaye huko ni mhusika kamili, akashika zamu yake: mto tumboni, ndevu za bandia kwenye fuvu. Dukani, mtoto kaomba upanga; anakabidhiwa upanga wa kweli. Watu wazima wanahamaki. Ufundi uko hapo, maana mzaha huo unabeba mzigo mzito: imani kwa mleta zawadi huyo ikikatika, jua halichomozi.