Kulabu Kumi na Nne

Kwa wapishi wengi wa Kolwezi, mji wa shaba nchini Kongo, matamvua ndiyo kitu cha kwanza kutupwa. Samaki akifika kutoka Ziwa Nzilo anaparuliwa magamba, anapasuliwa tumbo, na yale matao mekundu yaliyo chini ya kifuniko cha shavu yanang'olewa kwa kidole. Lakini wapo watu wachache wanaoanzia hapo hapo. Huyakata matamvua kwa mkasi, tao moja baada ya jingine, wakayatia kwenye kichupa cha spiriti pamoja na kikaratasi chenye jina la samaki, mahali na tarehe. Wanamtafuta mnyoo bapa ambaye kwa kawaida hafikii urefu wa milimita moja, anayeishi kwenye nyuzi za matamvua na kula utando wake. Kazi yao ni kumtambua mnyoo huyo, kumchora, kumpima na, ikiwa hajawahi kuandikwa popote, kumpa jina. Nimeifuatilia kazi hii kwa mapenzi, na ninaamini nchi ya shaba inaihitaji kuliko inavyodhani.

Minyoo hiyo huitwa monojenea. Walio wengi kwenye jamaa ya tilapia hapa Afrika ni wa jenasi Cichlidogyrus, aliyoianzisha Ilan Paperna mwaka 1960. Hutaga mayai majini, na yai likipasuka hutoka kiluwiluwi chenye vinyweleo kinachoogelea kutafuta mwenyeji. Kikimpata, hujishikiza na kuanza maisha yake papo hapo, bila konokono wala mdudu wa kati. Spishi nyingi huchagua: huyu hukaa kwa samaki mmoja tu, yule kwa samaki wawili watatu walio ndugu. Ndiyo maana anayemjua mnyoo huwa amekwisha kujua mengi kuhusu samaki.

Mezani kazi huanza kwa sindano. Tao la matamvua huwekwa kwenye kisahani chenye maji chini ya hadubini ndogo, na mtafiti hupekua nyuzi moja moja kwa sindano nyembamba ya kubania wadudu. Mnyoo akionekana, ni kiuzi cheupe kinachokaribia kupitisha mwanga, na vidoa vya macho upande wa kichwa. Lazima atolewe nyuma kwanza, kwa sababu nyuma ndiko alikojishikiza. Akivutwa kichwa hukatika, na sehemu yenye thamani hubaki kwenye nyama ya samaki. Akitoka salama huwekwa ndani ya tone la maji juu ya kioo na kufunikwa kwa kioo chembamba zaidi. Kisha maji hunyonywa polepole upande mmoja kwa karatasi, huku upande wa pili ukipenyezwa gliserini iliyochanganywa na pikrati ya amonia. Mwili hulainika na kupoteza umbo, ukaacha kuziba macho. Kinachobaki wazi ni mifupa, kama inafaa kuiita mifupa: vipande vigumu vya protini vyenye rangi ya manjano iliyofifia.

Hapo ndipo elimu yote ilipo. Nyuma ya mnyoo kuna kishikio kipana kinachoitwa hapto, na juu yake kuna jozi mbili za nanga, moja ya mgongoni na moja ya tumboni, vipau viwili vinavyozishikilia, na kulabu ndogo kumi na nne zilizopangwa ukingoni kwa jozi saba. Nanga ina shina lenye mizizi miwili, ubavu uliopinda na ncha. Mzizi mmoja unaweza kuwa mrefu mara mbili ya mwenzake, au yote miwili iwe mifupi, na ubavu unaweza kupinda taratibu au kukunjika ghafla karibu na ncha. Kipau cha mgongoni kina masikio mawili yanayotokeza juu. Kipau cha tumboni kimeundwa kwa mikono miwili iliyoungana katikati, yenye umbo la V. Katika jenasi ya jirani, Scutogyrus, iliyotenganishwa na Antoine Pariselle na Louis Euzet mwaka 1995, kipau hicho cha tumboni hubeba bamba pana, jembamba, linalofanana na ngao.

Kulabu ndogo ndizo zinazonistaajabisha zaidi. Jozi ya pili hubaki na ukubwa ule ule iliokuwa nao mnyoo alipokuwa kiluwiluwi, katika maisha yake yote. Jozi nyingine zaweza kukua. Kwa hiyo mtaalamu huitumia jozi ya pili kama kipimo cha ndani: huitazama, kisha huilinganisha na jozi ya kwanza, ya tatu, ya nne, hadi ya saba. Jozi ya kwanza ikiwa fupi na nene ni kundi moja, ikiwa ndefu ni kundi jingine. Mnyoo amebeba alama ya utoto wake mwilini mwake, na binadamu amejifunza kuisoma kwenye kitu kilicho na urefu wa takribani mikromita kumi na tano. Hilo halikuja kwa siku moja. Limetokana na watu waliokaa miaka mingi mbele ya lenzi, wakahesabu, wakabishana, wakarudia.

Baada ya hapto hutazamwa kiungo cha kiume, nacho mara nyingi ndicho kinachotoa hukumu. Ni mrija mgumu unaotoka kwenye kitako kilichovimba, ukiandamana na kipande cha pembeni ambacho huweza kuwa kama ndoana, upanga, ukuti au uzi uliojisokota. Spishi mbili zenye nanga zinazokaribia kuwa sawa hutofautiana hapa waziwazi.

Siku hizi kamera ni rahisi, na mtu huweza kuuliza kwa nini bado watu wanachora. Jibu liko kwenye lenzi yenyewe. Kwa ukuzaji wa mara elfu moja, chini ya mafuta, hadubini huonyesha tabaka jembamba mno kwa wakati mmoja. Ukiiona ncha ya nanga vizuri, mzizi umefifia, na ukiufuata mzizi, ncha imepotea. Picha hushika tabaka moja. Mchoraji huzungusha kirungu cha hadubini mbele na nyuma, na kupitia kifaa cha kuchorea huona ncha ya penseli yake na mnyoo kwa pamoja, akaunganisha tabaka zote kwenye mstari mmoja. Anapaswa pia kujua lini asichore. Nanga iliyolala mshazari huonekana fupi kuliko ilivyo, na kipau kilichobanwa na kioo hufunguka kuliko kawaida. Mchoraji hodari hupitisha vielelezo vingi kabla ya kumchagua mmoja aliyelala bapa, na mchoro wake unakuwa ushahidi unaoweza kuhojiwa miaka hamsini baadaye. Mimi humwamini mchoraji wa namna hii kuliko picha nyingi za rangi.

Kisha vipimo: urefu wa nanga nzima, ubavu, shina, kila mzizi, ncha, kila mkono wa kipau, masikio na umbali kati yake, kulabu zote, mrija na kipande chake. Vyote huandikwa kwa mikromita, wastani pamoja na kidogo kabisa na kikubwa kabisa, na idadi ya minyoo iliyopimwa. Spishi ikiwa mpya, kielelezo kimoja huteuliwa kuwa holotaipu, yaani ndicho jina linachokishikilia, na huwekwa kwenye makumbusho ambako yeyote anaweza kuomba kukiona. Anayetaka na DNA hukabiliwa na uamuzi mgumu: mnyoo ni mmoja, na ni mdogo. Wengi humkata vipande viwili, kipande kimoja kikaenda maabara ya jeni na kingine kikabaki kwenye kioo. Mkono unaoweza kukata kitu cha nusu milimita mahali panapotakiwa ni mkono uliofundishwa.

Ustadi huu una ndugu zake baharini. Kamba wanaochimba mashimo kwenye matope ya pwani hupatwa na isopodi wa familia ya Bopyridae, wanaokaa ndani ya chumba cha matamvua na kulivimbisha ganda upande mmoja. Jike hukua akapinda upande, miguu ikajipanga bila usawa, na tumbo likajaa mayai; dume ni mdogo sana, mnyoofu, na hujibanza kwenye mkia wa jike. Asiyejua angedhani ni wanyama wa aina mbili. Maziwa yetu pia yana isopodi wa vimelea: mwaka 1965 Geoffrey Fryer alimweleza Lironeca tanganyikae, anayemnyonya samaki wa Ziwa Tanganyika. Kimelea kikizoea kukaa, mwili wake hubadilika mno, na anayetaka kukiainisha hulazimika kujua kiungo kipi kimesahauliwa na kipi kimetiwa chumvi.

Turudi kwetu. Mto Lufira hutiririka kaskazini ukaungana na Lualaba kwenye bonde la Upemba, na njiani umezuiwa na bwawa la Mwadingusha lililozaa Ziwa Tshangalele. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Gyrhaiss Kapepula Kasembele, pamoja na Auguste Chocha Manda, Emmanuel Abwe, Fidel Muterezi Bukinga na wenzao wa Ulaya na Afrika Kusini, ilichapisha orodha ya kwanza ya monojenea wa Lufira ya Juu, kutoka kwa samaki watatu: Oreochromis mweruensis, Coptodon rendalli na Serranochromis macrocephalus. Orodha ya kwanza. Katika eneo lile lile ambako kila kilima chenye madini kimechorwa ramani kwa zaidi ya miaka mia moja, viumbe vilivyo kwenye mashavu ya samaki tunaowala vilikuwa havijaandikwa.

Baadhi ya Wakongo walikuwa wametangulia kule Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2012 Muterezi Bukinga na wenzake walieleza Cichlidogyrus mbirizei kutoka kwa tilapia wa Tanganyika, na katika chapisho lilo hilo Cichlidogyrus nshomboi, kutoka kwa samaki mkubwa kuliko wote wa jamaa ya tilapia duniani. Jina linamheshimu Nshombo Muderhwa wa kituo cha utafiti cha Uvira. Miaka mitatu baadaye mnyoo mwingine wa ziwa hilo aliitwa Cichlidogyrus muterezii. Naye C. mbirizei akaonekana mwaka 2016 kwenye tilapia wa kufugwa huko Thailand. Watu wa Thailand walimtambua kwa sababu michoro na vipimo vilikuwa vimechapishwa na mtu aliyekaa kando ya Tanganyika. Bila jina, angekuwa uchafu mweupe kwenye tamvua.

Jambo lenye uzito zaidi kwangu lilichapishwa mwaka 2020. Michiel Jorissen na wenzake walifungua mitungi ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, wakachunguza matamvua ya tilapia wa bonde la Kongo waliovuliwa kabla tilapia wa kigeni hawajaletwa, kisha wakawalinganisha na samaki wa leo. Mitungi ikasema: minyoo iliyokuja na wageni imewarukia wenyeji. Waliovua samaki wale hawakuwa na habari ya minyoo. Waliweka samaki tu, kamili, na kikaratasi chenye mahali na tarehe. Hivyo hivyo isopodi Orthione griffenis, aliyepewa jina mwaka 2004 na John Markham, alikutwa kwenye kamba wa matope wa Oregon, Marekani, ambao idadi yao ilikuwa imeporomoka. Vielelezo vya zamani ndivyo vilivyosaidia kuonyesha kwamba ametoka Asia.

Kolwezi ni mji wa watu wanaojua kutenganisha vitu kwa jicho. Mchimbaji mdogo hulishika jiwe, akalipima uzito mkononi, akakuambia hii ni malakaiti na hii ni heterojeniti yenye kobalti. Mnyoo wa tamvua hutenganishwa na mwenzake kwa elimu ya namna hiyo hiyo, ya kuona mara nyingi hadi tofauti ijitokeze yenyewe. Nayo elimu hiyo ina faida hapa zaidi ya kwingine. Musonoi na Luilu hupita kando ya migodi kabla ya kuingia Lualaba, na uchunguzi wa Katemo Manda na wenzake wa mwaka 2010 ulikuta shaba, kobalti na metali nyingine katika mnyororo wa chakula wa Lufira ya Juu. Monojenea huishi nje ya mwili wa samaki, wakiguswa na maji yale yale kila saa, kwa hiyo kuongezeka au kupungua kwao kunaweza kutuambia jambo kuhusu mto. Lakini huwezi kuhesabu usichoweza kukitofautisha. Anayetaka kuupima mto kwa minyoo aanze na mtu wa kulabu kumi na nne.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa biolojia wa Kolwezi, Fungurume na Likasi, na kampuni zinazofadhili shule: wekeni samaki. Wachache kila mwaka, kutoka Nzilo, kutoka Lualaba juu na chini ya mji, wakiwa na matamvua yao. Formalini huhifadhi umbo lakini huiharibu DNA, kwa hiyo matamvua ya upande mmoja yatiwe kwenye spiriti kali peke yake. Ndani ya kila chupa liwepo jina la mto, mahali na tarehe, na liandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.