Upande wa Nyuma wa Foronya

Ukiwatajia watu Mwisenge ya Musoma, wengi hukumbuka shule ya msingi ambayo Mwalimu Nyerere alianza mwaka 1934, mtoto wa miaka 12 aliyetoka Butiama. Mimi hukumbuka foronya za shangazi yangu. Ni jozi moja ya popelini nyeupe. Kwenye kona yupo yangeyange kasimama katikati ya matete, na chini yake pamefumwa "Lala Salama" na mwaka 1979.

Mchoro alihamisha kwa karatasi ya kaboni na kalamu iliyokwisha wino, kisha akakibana kitambaa kwenye fremu hadi kikawambika. Uzi wa kufumia huja na nyuzi sita zilizolala pamoja. Shangazi huzitenganisha, anachukua mbili kwa mdomo wa ndege na tatu kwa majani. Urefu anaukata kwa kuupima kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, maana ukizidi hapo uzi hujisokota na kujifunga wenyewe.

Matete ameyapiga mshono wa mnyororo. Sindano inachomoza, kidole gumba cha kushoto kinaushikilia uzi, sindano inarudi katika tundu lile lile na kutokeza mbele kidogo, ndani ya kitanzi. Hapo unavuta taratibu. Ukivuta kwa pupa kitambaa kinafinyana, ukilegeza kitanzi kinaning'inia. Kila kitanzi hushikwa na kinachokifuata, kwa hiyo cha mwisho kisipofungwa vizuri, kazi ya jioni nzima hufumuka kwa mvuto mmoja.

Ila ninapomkubali zaidi ni kwenye yule ndege. Yangeyange ni mweupe na foronya ni nyeupe. Fundi mwingine angemzungushia bluu ili aonekane, au angechagua tausi, kama walivyofanya wengi, ingawa Musoma tausi hayupo. Shangazi alimjaza kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mishono mirefu iliyobanana, ikifuata mkao wa manyoya. Usipoisogeza foronya kwenye mwanga, humwoni. Ukiisogeza, bawa linang'aa upande mmoja na shingo upande mwingine, kwa sababu mishono imelala kwa pande tofauti.

"Geuza, mwanangu," huniambia.

Nyuma ndiko yaliko mambo. Mbele, jua na sabuni vimepausha matete yote yakafanana. Nyuma rangi zimebaki, na tete la tatu linaanza kwa kijani kibichi na kumalizikia kwa kijani kinachoelekea njano, na katikati pana fundo. Tarehe aliifuma kwanza, mumewe akiwa vitani Uganda pamoja na wanaume wengine wengi wa mkoa wa Mara. Vita vikaisha, mume akarudi, uzi ukaisha, na madukani haukuwepo. Miaka ile watu walipanga foleni ya sabuni na sukari. Nani angeagiza uzi wa kufumia? Aliupata baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa. Kwa hiyo foronya za 1979 zilikamilika miaka kadhaa baadaye, na ushahidi ni fundo lile.

Nilipowahi kumuuliza kuhusu vita, alinijibu kwa sentensi mbili akaenda kugeuza dagaa. Lakini kidole chake kikipita juu ya fundo, maneno hutoka yenyewe: redio ya jirani, jina la muuza duka, taa za wavuvi wa dagaa ziwani ambazo alikuwa akizitazama usiku kila alipoinua macho kutoka kwenye sindano.

Zanzibar na Lamu wapo mafundi wa kofia za mkono wanaozungushia uzi matundu madogo mno, kazi ya miezi, na baadhi ya kofia hizo huishia Oman, kichwani kwa mtu asiyemjua fundi. Kwa ustadi wako mbali. Lakini fundo la kofia ile, hata likiwa na habari yake, halina wa kuisimulia.

Mashine za kompyuta nazo hufuma majina ya maharusi kwa dakika chache, herufi zimenyooka kama zimepigwa chapa. Sina ugomvi nazo. Ukigeuza tu, kuna uzi mmoja wa chini, mweupe, mwanzo hadi mwisho.

Foronya hizi bado hulaliwa na wageni. Hufuliwa kwa maji baridi bila kusuguliwa, huanikwa kivulini, hupigwa pasi uso ukiwa chini, juu ya kanga iliyokunjwa, ili mishono isibonyee. Mjukuu wa shangazi naye ameanza kufuma jina la timu ya mpira ya Biashara United kwenye kitambaa cha kochi. Mbele palipendeza. Bibi yake akageuza, akakata kila uzi uliorushwa kutoka herufi moja hadi nyingine, akamrudisha kwenye B.