Kijumba cha Walden na Chumba cha Elisha

Siku hizi katika nchi za Marekani na Ulaya wako watu wanaoacha nyumba kubwa kwa hiari yao, wakajijengea vijumba vya chumba kimoja, wakisema ya kuwa raha ya maisha ni kuwa na vitu vichache. Habari zao zimefika hata kwetu Kigoma, maana vijana huzisoma katika simu. Wengi wa watu hao humtaja mwalimu wao, Mmarekani Henry David Thoreau, ambaye kitabu chake kiitwacho Walden kilitolewa mwaka 1854. Yafaa basi tukipime kitabu hiki, tuone lipi litufaalo sisi tukaao Buzebazeba, na lipi lisilotufaa.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1845 Thoreau, kijana wa miaka 27, aliazima shoka, akaenda kando ya ziwa dogo karibu na mji wa Concord, akakata misonobari, akajenga kijumba chenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 15. Ndani aliweka kitanda, meza, dawati la kuandikia na viti vitatu. Aliandika gharama yake yote, hata misumari na chokaa, ikawa dola 28 na senti 12 na nusu. Alikaa humo miaka miwili na miezi miwili, akilima maharagwe na kusoma vitabu.

Uzuri wa kitabu umo katika hesabu hiyo. Thoreau afundisha ya kuwa bei ya kitu haiishi katika fedha, maana mtu hutoa pia siku za maisha yake ili akipate. Aliwaona wakulima wa jirani wakitaabika miaka mingi kulipa deni la nyumba, hata nyumba ikawa bwana, nao wakawa watumwa wake. Neno hili latuhusu sana. Tazama mapagala yaliyosimama katika mitaa yetu: kuta za vyumba sita, hazina bati, na magugu yameota sebuleni. Mwenyewe angali akipanga chumba kwa watu. Kila apatapo fedha ya dagaa au ya mawese hununua saruji, na watoto wake hukosa daftari. Mvua nayo hula matofali yake kila mwaka. Je, isingalikuwa heri kwake kuanza na vyumba viwili, akaviezeka, akahamia? Kwa shauri hili peke yake kitabu chastahili kusomwa na kila kijana atakaye kujenga.

Lakini pako mahali ambapo mwandishi hakupima vema. Mbao za kijumba chake alizinunua kwa Mwairishi mmoja, James Collins, mfanyakazi wa reli, aliyekaa kibandani na mkewe na mtoto mchanga. Alimlipa dola 4 na senti 25. Asubuhi yake jamaa ile ikatoka na furushi lake, naye Thoreau akakibomoa kibanda, akaanika mbao juani. Asimulia jambo hili kwa mzaha kidogo, kisha aliacha, wala hatuambii jamaa ile ilikwenda kulala wapi. Collins naye alikuwa na kijumba na vitu vichache, lakini hakuna aliyemwita mwenye hekima.

Hapo ndipo tuonapo ya kuwa kiasi ni jambo moja na ukata ni jambo jingine. Mtu wa kiasi ni yule awezaye kuchukua zaidi, akakataa, fukara hakuulizwa. Thoreau alijenga katika ardhi ya rafiki yake Emerson, na nyumba ya mama yake haikuwa mbali, akaenda huko kula mara kwa mara. Mwaka 1846 alipokataa kulipa kodi alilala gerezani usiku mmoja tu, kwa kuwa mtu alimlipia. Kwetu mambo yalikuwa mengine. Wadachi walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza baada yao, hata msonge wa nyasi ulihesabiwa. Udogo wa nyumba haukumwokoa mwenyewe: wanaume wengi wa Buha walikwenda mbali kukata mkonge, wakaitwa manamba, ili wapate fedha ya kodi. Basi asije mtu akamwambia maskini ya kuwa kibanda chake ni baraka, hali hakukichagua.

Tena iko kasoro ya pili. Thoreau alikuwa na viti vya wageni, nao walimjia. Lakini hakuwa na mke wala mtoto, wala hakupata kuulizwa bibi mzee atalala wapi, au mtoto mwenye homa atawekwa wapi. Kwetu nyumba ndogo yakalika kwa sababu ya vitu vilivyo nje yake: baraza, ua, jiko, na jirani apokeaye watoto usiku wageni wazidipo. Mtu atokaye Kasulu akimleta mgonjwa wake hospitali ya Maweni, hatazamii kitanda. Atazamia mkeka na mtu wa kumwambia karibu. Kijumba cha futi 10 kwa 15, kisicho na ua wala jirani, kingemtesa mama wa Buzebazeba kuliko pagala.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za mwanamke Mshunami. Yeye naye alijenga chumba kidogo, akatia kitanda na meza, kiti na taa. Vyombo vyake vyakaribia kuwa vile vile vya Thoreau! Lakini alikijenga kwa ajili ya Elisha, msafiri apitaye njiani.

Basi ndugu msomaji, ukitaka kujenga, shika kalamu kwanza kama Thoreau, uandike kila msumari, wala usijenge kwa kushindana na jirani. Kisha, kabla hujachimba msingi, pima na mahali pa mkeka wa mgeni. Ukiisha kufanya hivyo, ezeka vyumba vyako viwili uhamie, wala usione haya.